Mdogo Humsubiri Mkubwa Afike Darajani

Ninyi vijana mliobaki labo, maabara yetu, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mmeniomba kwa heshima, lakini nyuma ya heshima hiyo nilisikia kicheko. Mnataka kujua kwa nini, kila nilipowafundisha jinsi seli inavyoanza kunakili ADN yake, nilipofika kwa bakteria wa kipindupindu nilinyamaza, nikafuta ubao na kuwatuma mkaoshe vioo. Nitawaeleza. Ila mnivumilie, kwa maana jibu hilo lina pacha ndani yake, na pacha huyo yuko Pepa, juu ya milima ya Marungu, nami niko hapa Kalemie nikimngoja.

Anaitwa Kyungu kwa sababu alinitangulia kutoka tumboni. Mimi ni Kabange kwa sababu nilimfuata. Kwetu majina ya mapasa, yaani mapacha, hayachaguliwi na mtu. Watoto wenyewe huja nayo. Kyungu ni daktari, tena daktari pekee katika hospitali ndogo ya kule juu. Mimi, kama mjuavyo, nilikuwa mtu wa labo hadi mtoto wa jicho aliponifungia hadubini. Tulikuwa tumeagana tangu zamani kwamba tutaacha kazi pamoja na kurudi katika nyumba ya baba, ile iliyo juu ya stesheni, ambayo ukikaa barazani unaliona ziwa mpaka macho yachoke. Mimi nimerudi. Kiti cha Kyungu kiko barazani, kimefunikwa kitenge ili kuku wasikilalie.

Basi tuanze na kazi, maana huzuni isiyo na kazi ndani yake haimfundishi mtu kitu.

Aliyenipokea labo alikuwa Papa Sangwa, mkuu wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Wakati ule hatukuwa na vijikaratasi hivi vyenu vya kupima kwa haraka, ambavyo mnavichovya, mnakunywa chai, na jibu linawangoja. Sisi tulimwotesha bakteria. Na kuotesha kunataka joto, joto linataka umeme, na umeme wa mji huu mnaujua tabia yake. Ulipokatika, Papa Sangwa hakulalamika. Alifungua kabati, akatoa termosi nyekundu yenye maua, akatia maji ambayo alikwisha kuyapima kwa kiwiko kama mama anayeandaa maji ya kuogesha mtoto, kisha akazamisha humo mirija ya maji ya peptoni, chakula cha bakteria, yenye sampuli. Kizibo hakukikaza sana. “Huyu anapenda hewa,” alisema. “Mukimubana, atawanunia.”

Alinifundisha pia kuchota kwenye utando wa juu na kuacha mashapo ya chini. Bakteria wa kipindupindu huogelea kwa kasi na huipenda hewa. Hupanda juu huku wengine wakibaki kugombania giza. Chota juu, tena chota mapema, kabla wale wengine hawajamfikia. Hilo halijabadilika wala halitabadilika, hata mkiletewa mashine gani.

Kulikuwa na mwanafunzi wa mafunzo ya kazi aliyeitwa Mukalay, kijana nadhifu mno, ambaye sasa ni mkubwa wa watu mahali fulani na ataniwia radhi. Asubuhi moja Papa Sangwa alifungua friji akakuta sampuli ya choo imepangwa vizuri kando ya dawa za kupimia damu.

“Mukalay, njo nini hii nakuta humu?”

“Papa, nimeiweka ku baridi, isiharibike.”

“Isiharibike! Mutoto, huyu si ndakala. Samaki tunaweka ku baridi sababu amekwisha kufa. Huyu tunamutaka muzima.”

“Sasa Papa, amekufa?”

“Anajifanya. Na weye leo utajifanya umekula, maana unarudi kwa mugonjwa kutafuta choo ingine. Kwa miguu.”

Tulicheka mpaka mirija ikatikisika. Lakini Papa Sangwa alikuwa amesema kweli nzito: kiumbe huyu, akipatwa na baridi, anaweza kubaki hai na kukataa kuota. Anangoja. Ukimwona kimya, usimwandike kuwa amekufa. Nimeishi na sentensi hiyo miaka mingi kuliko nilivyotarajia.

Sasa niwarudishe kwenye somo ambalo nililikata mara nyingi. Nalo siwezi kulieleza bila baba yangu, ambaye hakuwahi kuona seli hata moja.

Baba alisimamia vikosi vya kutunza reli, kutoka hapa kuelekea Niemba. Alikuwa na desturi yake. Alfajiri, kabla nyundo hazijagonga, aligawa vibendera. Kila mahali palipofaa kuanzia kazi palichomekwa kibendera kimoja. Kikosi kilipoanza, kapita, msimamizi wake, aliking'oa kibendera na kukitia mfukoni, na hakuna kibendera kipya kilichotolewa mpaka kesho yake. Mimi na Kyungu tulimuuliza sababu.

“Sababu muntu wa bidii bila akili,” alijibu, “atafungua musumari wenye mwenzake amekwisha kufunga, afurahi kama amefanya kazi.”

Alichomeka vibendera vingi kuliko mahitaji. Vingine vilifikiwa na kikosi cha jirani kabla havijatumika, vikang'olewa tu. Lakini siku kikosi kimoja kilipokwama, kibendera cha akiba katikati ya njia kiliokoa siku nzima.

Hivyo ndivyo seli yako ya ngozi inavyofanya. ADN, ambayo jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa huiita DNA, ni nyuzi mbili zilizosokotwa, na ndani ya seli ya mtu ni ndefu kiasi kwamba mafundi wakianza mahali pamoja tu, seli itazeeka kabla hawajamaliza. Kwa hiyo huanza mahali pengi, maelfu. Lakini kabla ya kuanza, vibali huwekwa kwanza: protini maalumu huketi juu ya uzi katika sehemu nyingi na kungoja. Kazi ikifunguliwa, vibali hivyo hutumika au huondolewa, na vipya havitolewi mpaka seli imekwisha kugawanyika. Kwa njia hiyo hakuna kipande kinachonakiliwa mara mbili. Tena, ndani ya mwili wa mtu mahali pa kuanzia hapatambuliwi kwa neno moja lililoandikwa kwenye uzi. Panategemea zaidi jinsi uzi ulivyofungwa au kulegezwa, na ndiyo maana seli ya ini na seli ya damu zaweza kuanzia mahali tofauti ingawa zina maandishi yaleyale. Hamira ya kuumulia mikate ni tofauti. Yenyewe hutafuta maneno yake maalumu, na protini zake zisipoyaona haziketi. Na kiinitete cha chura, katika saa zake za kwanza, hakina uchaguzi kabisa. Huanza karibu popote, kwa pupa, kama akina mama wa sokoni mvua inaposhuka, kila mmoja akifunika kilicho mbele yake. Kikikua kidogo ndipo kinapojifunza kuchagua.

Bakteria wa kawaida wa tumboni hana mambo mengi. Ana pete moja ya ADN na mahali pamoja pa kuanzia. Protini ya kuanzisha hukusanyika hapo, ikitosha hupasua msokoto, na vikosi viwili hutoka, kimoja kushoto na kimoja kulia, vikaizunguka pete mpaka vikutane upande wa pili. Kwisha. Na akishiba sana, hana subira: huanza duru mpya pale pale penye mwanzo kabla duru ya kwanza haijafika mwisho. Binti zake huzaliwa wakiwa tayari nusu njia ya kuzaa. Hilo nilipowaeleza mlicheka, mmoja wenu akasema linafanana na mitaa fulani ya mji wetu. Kumbukeni duru hiyo ya pili, nitaihitaji.

Kisha huja yule wa kipindupindu, nami ndipo nilipokuwa nikifuta ubao.

Kabla sijamweleza, nirudi tena kwa baba. Tulipomaliza shule ya sekondari, Kyungu alitaka udaktari na mimi nilitaka labo. Udaktari ni njia ndefu. Labo ni fupi. Baba alikaa barazani jioni, akatuita, akasema Kyungu aende Lubumbashi aanze, mimi nibaki.

“Nibaki mpaka lini, Papa?”

“Mpaka afike darajani.”

Nilijua anachosema, maana ilikuwa desturi ya vikosi vyake. Palikuwa na kikosi cha kipande kirefu na kikosi cha kipande kifupi, na wote walikula kutoka sufuria moja. Wangeanza pamoja, wa kipande kifupi wangemaliza mapema, wangekaa kando ya sufuria, na mnajua tumbo la mtu aliyekaa kando ya sufuria. Kwa hiyo baba aliwaamuru wa kipande kifupi wasiguse nyundo mpaka wenzao wafike kwenye daraja la chuma na kugonga reli. Mlio ule ulisafiri juu ya chuma. Ukisikika, wafupi walianza. Na wote walifika kwenye chakula pamoja.

“Mapasa hawatangulizani ku sufuria,” baba alisema. “Munaanza tofauti. Munamaliza siku moja.”

Nilibaki. Nilimsaidia mama kuanika samaki. Wasichana wa mtaani walinikuta njiani na kuniuliza, “Kabange, weye kazi yako ni kumusindikiza dada yako tu?” Mmoja aliniita mkia. Nilikuwa na hasira ambayo sikuweza kumpa mtu yeyote, kwa sababu baba hakuwa mkali na Kyungu hakuwa na kosa. Alinitumia maneno kwa kila msafiri: hajafika darajani, masomo ni magumu, nisichoke. Hatimaye alivuka mwaka ule ambao wengi huanguka, ule wa kutoka vitabuni kwenda kwa wagonjwa. Mpanda treni mmoja alinipitia nyumbani, mwanamke nisiyemjua, akasimama mlangoni na mzigo wake kichwani.

“Ni weye Kabange? Dada yako anasema nikugongee.” Akagonga kizingiti kwa ufunguo wa kufuli yake. “Hivyo tu. Sijui maana yake.”

Nililia palepale, na yule mwanamke akafikiri ameleta habari ya msiba.

Nikaanza masomo. Tulimaliza sote mwaka uleule. Tulipokewa stesheni kwa ngoma na nyimbo za mapasa, zile nyimbo za matusi ambazo watu wazima hawaziimbi siku nyingine, na mama aliweka sufuria moja katikati ya ua. Nyama ya sufuria ile bado naisikia ulimini.

Miaka ikapita. Papa Sangwa aliondoka, akaniachia termosi. Vijikaratasi vya haraka vilikuja. Baadaye kabisa alikuja mtaalamu kijana kutoka Lubumbashi, mnamkumbuka, yule mwenye mashine ndogo ya kusoma ADN iliyotoshea kwenye mkoba. Alituketisha, akachora ubaoni pete mbili, moja kubwa na moja ndogo.

“Huyu wa kipindupindu,” alisema, “hana pete moja kama wenzake. Ana mbili. Na haziziki kuanza pamoja.”

“Haziziki?” akauliza mmoja wenu.

“Haziwezi, samahani, ni joto la Kalemie.” Mkacheka. “Ile kubwa inaanza. Ile ndogo ina mahali pake pa kuanzia na protini yake, kila kitu tayari, lakini inakaa kimya. Kwenye pete kubwa kuna alama fulani. Vikosi vya kunakili vikipita alama hiyo, ndipo ndogo inaruhusiwa kuanza. Wataalamu walipoihamisha alama, ndogo nayo ikabadilisha saa yake. Hivyo zote mbili zinamaliza karibu wakati mmoja, na seli inagawanyika.”

Nilinyosha mkono. “Hii ndogo inaitwaje?”

“Kromozomu ya pili, Mama.”

“Hapana,” nikasema. “Inaitwa Kabange.”

Mlicheka sana siku ile, nami nilicheka nanyi. Kisha nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji. Miaka yote niliyomchota kwenye utando wa juu, nikamtia rangi, nikamlaani kwa ajili ya watoto wa mwambao aliowakausha, kumbe adui huyu alikuwa amebeba ndani yake agizo la baba yangu. Yule mdogo humsubiri mkubwa afike darajani. Baba alikuwa amekwisha kufa na sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa mmoja, naye yuko juu ya mlima.

Kyungu hunipigia simu Jumapili. Mtandao wa Pepa haushuki mpaka hospitalini, kwa hiyo hupanda kilima kilicho kando ya malisho, na mazungumzo yetu huwa na watu watatu.

“Kabange.”

“Kyungu. Utashuka lini?”

Ng'ombe akalia.

“Huyo njo anajibu pahali pako?”

“Ana akili kunishinda. Kabange, sina muntu wa kuachia kazi. Nikishuka leo, mama mwenye kushindwa kuzaa atapasuliwa na nani? Wamushushe Kalemie mugongoni mwa pikipiki? Na labo hatuna. Kuna muuguzi mumoja kijana, ana macho ya mwewe, lakini hana mwalimu. Malaria tunatibu kwa kukisia.”

“Tuliagana, Kyungu.”

“Tuliagana tutamaliza pamoja. Miye niko njiani bado. Weye njo umemaliza bila miye.”

Simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mtandao au ni yeye.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua kuanza. Tangu hapo nimekaa barazani kila jioni na ziwa limegeuka ukungu machoni pangu. Meli zikiingia bandarini naziona kama madoa kwenye kioo kichafu. Nasikiliza zaidi kuliko ninavyoona. Nikisikia lori likinguruma kwenye barabara ya kusini, mimi, mwanamke niliyesoma, husimama na kukitoa kitenge kwenye kiti. Lori hupita. Nami hukirudisha. Vijana wangu, kuna shauku ambayo haina kelele. Inafanana na mrija ndani ya termosi, kwa nje maua, kwa ndani kitu kinaongezeka.

Nilijitetea moyoni kwamba sikuchagua, ni jicho lililonitoa. Ni kweli. Lakini jioni moja nilijiuliza swali ambalo ningewauliza ninyi kwenye mtihani: pete ndogo ikimaliza na kubwa bado iko njiani, seli imepata nini? Haijapata kitu. Haiwezi kuzaa binti wawili wazima. Kumaliza peke yako ni kukaa kando ya sufuria tu. Nikakumbuka pia bakteria wa tumboni, yule asiye na subira, anayeanza duru mpya kabla ya ile ya kwanza kwisha. Mimi nilikuwa nikingoja Kyungu afupishe njia yake, na njia yake haiwezi kufupishwa, kwa maana imejaa akina mama wanaozaa. Njia inayoweza kurefushwa ni ya kwangu, kwa duru ya pili.

Muuguzi wa Pepa ana macho na hana mwalimu. Mimi ni mwalimu na sina macho. Daktari wa macho akifika mjini nitashuka kutoka Pepa anitazame. Kabla ya hapo muuguzi ataangalia na mimi nitasikiliza. “Unaona nini?” “Naona pete ndogo ndani ya chembe ya damu, Mama, kama ya kuvaa kidoleni.” “Hiyo ni malaria. Zungusha, tafuta nyingine.” Naweza kufanya hivyo mpaka nizeeke.

Kwa hiyo mkipita nyumbani hamtanikuta. Lori lililoshusha ng'ombe linarudi juu kesho, na dereva amekubali nikae mbele, ingawa ameniambia wazi kwamba harufu haitoki. Hadubini ya zamani, ile ya kioo cha kuelekeza juani, mkuu wenu mpya amenikabidhi iende Pepa. Hamkuitumia tangu mpate ya taa. Termosi nyekundu msiitafute kabatini. Joto lenu mlishike kwa namna yenu, pimeni maji kwa kiwiko, msikaze kizibo. Kitenge nimekitoa kwenye kiti cha Kyungu. Kuku wakipenda na wakilalie mpaka tutakapokuja sisi wawili kuwafukuza.

Jana nilimpigia mimi, kwa mara ya kwanza, nikabahatika kumkuta juu ya kilima chake.

“Ninapanda,” nilimwambia.

Nikamsikia akivuta pumzi ile ya kwake, ambayo nimeijua kabla ya kuijua hewa.

“Leta ndakala,” alisema. “Na kabla ya kufika kuna daraja. Mwambie dereva agonge chuma. Sufuria siweki ku moto mpaka nisikie.”